Katibu na Shamba Lisilo na Mtu

Sehemu ya Tisa

Mtakumbuka kwamba wiki iliyopita tulimwacha Hudson mbele ya baraza la Kulesa, fulana ya kijani ya Kampuni imembana kifuani, mbegu tano za mbono kaburi, mmea wa mafuta wa Kampuni, ziko mdomoni, na watu mia mbili wanamtazama waone kama atameza.

Alimeza.

Tuseme haki: mbegu za mbono hazina ubaya zikiwa mdomoni. Zina ladha ya karanga. Hudson hata aliongeza tabasamu, akainua mikono juu, akatangaza kwamba mmea usiomdhuru katibu wa kamati ya ardhi hauwezi kumdhuru mwananchi wa kawaida. Watu wakapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu kuliko wote, tulikuja kuambiwa baadaye, ni wale waliokuwa wakijua.

Baraza lilikuwa bado halijafika kwenye mengineyo wakati tumbo la Katibu lilipoomba nafasi ya kuzungumza.

Yaliyofuata hayachapiki katika gazeti linalosomwa na watoto. Itoshe kusema kwamba boda boda ilisimama mara sita kati ya Kulesa na Garsen, na kwamba mwendeshaji wake mpaka leo akiona fulana ya kijani anakata kona.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Kadii alimtundikia maji ya mshipani kisha akachukua kalamu.

"Mbegu ngapi?"

"Tano."

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

"Nilikuwa nahamasisha wananchi."

Kadii aliandika jambo refu kwenye kadi. Hudson alijikunja ajaribu kulisoma, akashindwa, na sisi tunaojua liliandikwa nini tunasema ni afadhali alishindwa.

Alilala pale mpaka kesho yake, Jumanne, akijihurumia. Alikuwa na miaka thelathini na sita na cheo kimoja tu maishani, cha ukatibu, alichokipata kwa sababu siku ya uchaguzi ndiye pekee aliyekuja na kalamu. Muhuri wa kamati aliuchonga mwenyewe kwenye soli ya ndala. Kwa muhuri huo na fulana ile aliamini ameshafika, na wala hakuwa ameuliza amefika wapi.

Saa nne asubuhi aliingia Harrison, afisa wa Kampuni, na chupa ya soda na faili chini ya kwapa. Alimpa pole, akamsifu kwa moyo wake wa kujitolea, akamwambia mambo yote yako tayari. Keshokutwa, Alhamisi, angekuja mkaguzi kutoka kwa wenye fedha za mradi. Hao wenye fedha walikuwa na sharti moja tu: mbono usipandwe kwenye ardhi inayolisha watu. Mkaguzi akiona kwa macho yake kwamba ardhi ni tupu, basi, ua unapigwa, trekta zinaingia, na mkataba ni miaka thelathini na tatu.

Harrison alifungua ramani juu ya shuka. Hudson alitazama ule mstari mwekundu bila wasiwasi, maana siku zote alijua Kampuni inachukua nyika ya nyuma, mahali ambapo hata mbuzi hupita haraka. Kisha akauona ule mkunjo wa mto, pale penye Shamba la Chini.

"Hiki kipande cha huku chini, je?"

"Hicho ndicho chenyewe," Harrison alisema. "Eka mia tatu, udongo mweusi, na hakuna mtu. Si wewe ulituambia, Bwana Katibu?"

Hudson alihisi mbegu ya sita, ambayo hakuwa ameila.

Wasomaji wa mbali hawatajua Shamba la Chini ni nini, kwa hiyo tuwaeleze upesi kabla mhariri hajatukata. Mto Tana ukijaa unamwagika pale. Maji yakianza kupungua, watu wa Kulesa wanaingia na mpunga. Mto ukichelewa, shamba linasubiri, na wenyewe wanasubiri majumbani kwao. Hakuna mtu wa Kulesa anayeliita tupu, kama vile huwezi kusema nyumba ya jirani haina mwenyewe eti kwa kuwa amekwenda sokoni.

Basi, mwezi wa pili uliopita, jua likiwaka, Hudson aliwatembeza wageni wanane wa Kampuni mpaka pale. Mmoja akauliza nani analima hapa. Hudson akajibu kama ambavyo ungejibiwa na yeyote wa kwetu: "Sasa hivi hapana mtu." Kulesa nzima ingemwelewa. Wageni, ambao huelewa kwa macho, waliona nyufa na vumbi. Wakamwomba arudie mbele ya kamera. Naye alivyo, alirudia mara tatu, na mara ya tatu alitandaza mkono. Kisha akawapeleka nyumbani wakale. Mama yake siku hiyo alikuwa mazishini Ngao, lakini wageni hawakukosa kitu: walikula wali mwekundu wenye harufu ya kumfanya mtu asahau kwao, na Harrison aliongeza sahani mara mbili.

Hudson aling'oa sindano ya maji mkononi kabla Harrison hajamaliza soda aliyomletea.

Alirudi nyumbani akamkuta mama yake, Elsie, anakoroga uji. Mama alimtazama ile fulana, akamtazama uso, akampa uji bila kuuliza. Juu ya jiko lake, kwenye moshi, kilining'inia kibuyu.

Na kibuyu hiki tusikipite. Misimu miwili sasa mto ulikuwa haujamwagika. Nyumba moja baada ya nyingine Kulesa zilikula mbegu yao ya mpunga, kila moja ikijificha isionekane na majirani. Elsie hakula. Mwaka jana alishinda wiki nzima kwa maembe mabichi na chumvi, na kibuyu hakukigusa. Mpunga ule ulikuwa wa mama yake, na wa mama wa mama yake. Kila mwanamke wa Kulesa alijua kwamba siku mto utakapokuja, kitalu kitatoka mle, na kutoka kwenye kitalu kila nyumba itapata miche. Walikuwa wakipita na kukisalimia kile kibuyu kwa utani, hujambo bwana.

Hudson alikunywa uji wake akitazama sakafu.

Alifikiri. Hiyo peke yake ilikuwa habari. Alhamisi shamba lionekane linatumika, basi. Wazo la kwanza lilikuwa kupanda chochote, lakini ardhi ilikuwa na nyufa za kumeza kandambili. La pili lilikuwa kujenga madungu yale ya kuwingia ndege, halafu akajiona amekaa juu ya dungu, chini hakuna mpunga, hewani hakuna ndege, mkaguzi anamuuliza anafanya nini huko juu. La tatu lilimrudisha chooni.

Nalo lilikuwa ng'ombe.

Miaka ya mavuno, mpunga ukishakatwa, ng'ombe wa Halkano, mfugaji wa Kiorma, waliingia Shamba la Chini wakala mabua na kuacha samadi, halafu wakapita kwenye malka, njia yao ya kwenda kunywa mtoni. Hayo ni matumizi, tena yanaonekana hata na kipofu. Lakini malka ilikuwa imefungwa. Ilifungwa mwezi wa tatu kwa ua wa mbono, mistari miwili, pamoja na barua kali ya kuwapiga marufuku ng'ombe wote, yenye muhuri. Mnajua ni muhuri gani.

Tangu mto uanze kuteremka, hatujasikia mkulima wa Kipokomo aliyemwendea Morma kumwomba tafadhali alete ng'ombe shambani. Hudson alikuwa wa kwanza. Jumatano asubuhi alisimama nyumbani kwa Halkano na kofia mkononi, akapewa maziwa na Barwako, mke wa Halkano, akayaogopa, akayanywa kwa adabu, akasema shida yake.

Halkano alituma waitwe ndugu zake wanne. Walipokaa, akamgeukia Hudson.

"Rudia. Hii watu yote isikie."

Hudson alirudia. Alipofika kwenye neno tafadhali, ndugu mmoja alitoka nje, wakamsikia akikohoa nyuma ya nyumba, kikohozi chenye furaha.

Halkano mwenyewe hakucheka. Alisema ana masharti mawili. La kwanza, malka ifunguliwe leo, na ifunguliwe na mkono uleule ulioifunga. La pili akalisema taratibu, akimtazama.

"Enda ambia mama yako. Wewe mwenyewe. Mimi siwezi ingiza ng'ombe shamba ya mama na yeye hajui. Ile mwaka tuligombana vibaya, watu ilikufa. Sitaki tena."

Hudson aliapa yote mawili.

Akaanza na lile jepesi. Siku nzima aling'oa mbono, shina baada ya shina, mia nne na kitu, akiwa na mgongo wa mtu aliyetoka hospitali jana. Utomvu wa mbono haufuliki, na kufikia alasiri fulana ya kijani ilikuwa na madoa ya kahawia kuanzia shingoni mpaka kitovuni. Wapita njia walimuuliza kama anahamasisha tena. Alikiri mwenyewe kwamba kama angekuwa mtu mwingine na kumwona mtu kama yeye, angekaa chini atazame mpaka mwisho.

Sharti la pili alilibeba mpaka nyumbani. Mama alikuwa amechoka, basi akaona amwache apumzike. Asubuhi mama alikuwa anaomba, na mtu hakatizwi akiomba. Mtafahamu.

Kwa hiyo Alhamisi saa moja, ng'ombe mia tatu walipoteremka Shamba la Chini katika wingu la vumbi, na Hudson mbele yao akiwaonyesha njia, Elsie alitokea upande wa pili na jembe begani. Hakumwendea mwanawe. Alimwendea Halkano.

Halkano alishusha fimbo yake chini ili ionekane imeshuka. Kisha akamgeukia Hudson na kumtazama, na katika mtazamo ule Hudson aliona wazi jinsi watu wawili wazima wangeweza kuumizana kwa sababu yeye aliona haya kumkatiza mama yake.

Akakimbia akasimama kati. Akasema yote: ramani, kamera, mwezi wa pili, mkono uliotandazwa, miaka thelathini na tatu. Aliyasema haraka, macho yako kwenye kwato za ng'ombe.

Elsie hakupaza sauti.

"Walikuuliza nani analima hapa."

"Ndiyo, mama."

"Ukasema hapana mtu."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Hudson amejicheka maisha yake yote, na ni kipaji, humsaidia kuwahi kabla ya wengine. Asubuhi hiyo alitafuta kicheko akakikosa. Aliumia, na hakukuwa na namna ya kulizunguka jambo hilo.

"Kuna jingine?" mama yake aliuliza.

Alifungua mdomo. Ng'ombe mmoja alipita katikati yao, akachukua muda wake.

"Hapana," Hudson alisema.

Elsie aliliweka jembe chini, akamsalimia Halkano, akamuuliza habari za Barwako na za watoto kama inavyopasa, na baada ya hapo akapaza sauti kuwaita wanawake wenzake waje na majembe kufukua mfereji. Ilipofika saa tatu, Shamba la Chini lilikuwa na watu kuliko soko la Garsen, na Hudson, tumwache kidogo, alianza kujiona shujaa.

Gari la Kampuni lilifika saa nne. Harrison alishuka, akaona ng'ombe, akaona majembe, akaliona doa la fulana. Nyuma yake alishuka mkaguzi, mwanamke mwenye viatu vya kutembelea na daftari, jina lake Nasteha, mwenyeji wa Garissa. Alimsalimia Halkano kwa heshima na Elsie kwa heshima. Hudson alisalimiwa kwa ufupi.

Harrison aliwahi. Akaeleza kwamba hawa ni wavamizi, wameletwa leo, na Katibu atathibitisha.

"Niliwaalika mimi," Hudson alisema.

Harrison hakubishana. Alitoa simu, akaishika juu kila mtu aone, na pale mbele ya Kulesa nzima Hudson mdogo wa kwenye kioo akasema hapa hapana mtu, akasema tena, akasema ya tatu na kutandaza mkono. Mwanamke mmoja aliomba irudishwe ule mkono. Ikarudishwa.

Nasteha alimgeukia Hudson. "Ulidanganya siku hiyo, au unadanganya leo?"

"Siku hiyo niliulizwa nani analima, nikajibu nani yupo. Ningejibu nani anasubiri." Akaionyesha simu kwa kidole. "Nilitaka wamalize haraka, jua lilikuwa kali, na nilipenda ile kamera. Ujinga wangu, si wa hawa."

Nasteha aliandika hilo pia. Kisha alitembea shambani robo saa nzima, akapiga magoti kwenye ufa, akauliza wanawake maswali, akarudi. Alisema wazi kwamba ng'ombe wa asubuhi moja hawamwonyeshi kitu, na mfereji uliofukuliwa leo haumwonyeshi kitu. Yeye alikuwa binti wa mtu aliyelima kando ya mto huu huu, huko juu, na alijua shamba linaweza kusubiri.

"Lakini baba yangu aliposubiri mto, alisubiri na mbegu," alisema. "Mwenye shamba ana mbegu. Kama shamba hili linasubiri mpunga, nionyesheni mpunga wa kupanda. Nikiuona, naandika hapa ni shamba la chakula, na ramani inarudi kuchorwa upya. Nisipouona, siwezi kuwasaidia."

Wanawake wote walimgeukia Elsie. Na Elsie, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu, alitabasamu.

"Twende nyumbani, mwanangu," alimwambia Nasteha. "Mbegu ninayo."

Walikwenda wote. Nasteha na Elsie mbele, wanawake nyuma yao wakicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, Halkano na ndugu zake, Harrison akipangusa jasho. Hudson alikuwa wa mwisho. Mara mbili aliharakisha amfikie mama yake, na mara mbili miguu ikapunguza mwendo bila kumuuliza. Alifikiri kuanguka azimie. Alifikiri kurudi kwa Kadii, kile kitanda kilikuwa kizuri. Alifikiri kwamba ukimpa mtu mmoja nafasi ya kulisema lile "jingine" aliloulizwa, na asiliseme, hastahili hata muhuri wa ndala.

Jikoni palijaa, waliobaki wakachungulia mlangoni. Elsie alipanda kigoda, akakifungua kibuyu kwenye kamba yake nyeusi kwa moshi, akakishusha. Alikipima mikononi. Kilikuwa kizito kama alivyokiacha, akaridhika. Alikitikisa kidogo na wanawake wakaitikia hujambo bwana.

Nasteha alifunika daftari.

"Kinga mikono," Elsie alimwambia.

Nasteha alikinga mikono miwili. Elsie alichomoa kizibo cha gunzi.

"Mama," Hudson alisema kutoka mlangoni, "usimimine."

Lakini alikuwa ameshainamisha. Zikatoka mbegu nyeusi, kubwa, zinang'aa, zikajaa viganja vya Nasteha na kumwagikia sakafuni, zikabingirika mpaka kwenye viatu vya Harrison. Harrison aliinama akaokota moja. Hakuwa na haja ya kuitazama sana, maana zilikuwa mbono, na Kampuni ndiyo iliyozigawa.

Elsie aliuingiza mkono wake ndani ya kibuyu mpaka chini, akautoa mtupu. Aliwatazama wanawake wenzake mlangoni, mmoja mmoja. Mwisho alimtazama mwanawe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza huku akiomba ajibiwe vingine.

"Hudson. Siku ile nilipokuwa mazishini, wageni walikula nini?"